Lipindukapo Lori la Mafuta

Asubuhi ya tarehe 10 Agosti, 2019, lori lililosheheni petroli lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam. Na watu walipokuwa wamelizunguka kwa madumu na ndoo, wakiteka mafuta yaliyokuwa yakimwagika, moto ulilipuka ghafla ukaangamiza roho zaidi ya 100. Maafa ya namna hiyo yalikwisha kuwafika watu wa Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya, tarehe 31 Januari, 2009, na watu wa Sange, katika Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai, 2010, ambako waliofariki walizidi 200. Aghalabu lawama hutupiwa tamaa ya marehemu. Mimi siafiki hukumu hiyo, kwani fukara aliyeishi na moto wa kuni tangu utoto wake anaujua moto auonao kwa macho, ila hakuna aliyemwarifu habari za mvuke.

Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika jua la Morogoro. Na mvuke huo, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa mara tatu hata nne, haupandi juu kama moshi, bali hutambaa chini, ukashuka mitaroni na kuingia mabondeni na majumbani, mbali na pale mafuta yalipomwagika. Ukichanganyika na hewa kwa kiasi cha sehemu moja na nusu tu katika mia, cheche ya betri inayofunguliwa au ya pikipiki inayowashwa yatosha kuuripua, na moto hurudi mbio hadi kwenye tangi.

Kwa hiyo msaada wa kwanza katika ajali hiyo ni umbali. Watu na wasogee upande utokako upepo, wakiepuka mabonde, wasikaribie chini ya mita 50 kila upande. Na tangi lenyewe likishika moto, mita 800 si nyingi. Dereva, kama ana uwezo, azime injini na kuchukua hati za shehena. Mwenye ndoo ya maji asithubutu kumwaga, kwani petroli huelea juu ya maji na kwenda nayo, ikiwaka, hadi milangoni mwa majirani; zimamoto hutumia povu, ambalo huufunika mvuke usikutane na hewa.

Lakini si kila tangi lina petroli. Barabara iendayo Tunduma hupitisha salfa na kemikali nyinginezo za migodi ya shaba ya Zambia na Kongo, na migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa hutumia sianidi, ambayo ikikutana na tindikali hutoa hewa yenye sumu ya kuua. Ndiyo maana magari mengi ya shehena hizo hubeba kibao cha rangi ya chungwa chenye safu mbili za nambari: ya juu hueleza aina ya hatari, na ikitanguliwa na herufi X maji yasiiguse shehena hiyo abadan, ya chini hutaja kitu chenyewe, kama vile 1203 petroli, 1830 tindikali ya salfa, 1005 amonia, 1017 klorini. Mpita njia anayeweza kuisoma nambari hiyo kwa mbali na kuwatajia zimamoto, ambao Tanzania hupigiwa 114, amewapa habari wanayoihitaji kabla hawajaondoka kituoni.

Katika karakana mambo ni madogo kwa kiasi, ila hutokea kila siku. Oili au dizeli ikimwagika, chanzo kizibwe, moto wa kuchomelea uzimwe, milango ifunguliwe, kisha mchanga mkavu uzungushwe kuanzia ukingoni kuelekea katikati, ili isiufikie mtaro. Tindikali ya betri hunyunyiziwa magadi au chokaa kidogo kidogo, mtu akiwa amevaa glavu na miwani, hata ikome kutoa povu. Pipa la mchanga na koleo hazina gharama ya kutisha, hata hivyo gereji nyingi hazina. Na hata penye pipa, mchanga uliokwisha kunywa mafuta hutupwa jalalani, ilhali ungepaswa kufungiwa katika chombo chenye mfuniko na kuandikwa kilichomo, mpaka auchukue mwenye kibali cha kuuteketeza.