Sura ya Sita: Hesabu Matundu Kwanza, Traki Baadaye

Boksi la kinasa sauti cha Tascam DP-008EX linatangaza traki nane. La Zoom R8 nalo, traki nane. Mwenye kikundi cha watu wanane huiona namba hiyo akafurahi, akalipa, na akifika nyumbani anakuta matundu ya kuchomekea maiki ni mawili tu. Hakuna aliyemdanganya. Kinasa hicho hucheza traki nane kwa pamoja, ila kwa mpigo mmoja kinarekodi mbili. Zilizobaki unazijaza kwa zamu. Maelezo hayo yapo kwenye boksi, kwa herufi ndogo, upande ambao watu hawausomi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize muziki wako unapigwaje. Upo muziki unaojengwa tabaka kwa tabaka, na upo ambao watu wote hupiga mara moja, wakitazamana, na ukiwatenganisha unapooza. Vinasa vya aina hizi mbili vinafanana sura, bei zake zinakaribiana, na kimoja hakiwezi kazi ya mwenzake.

Muziki wa kujenga ndio ulioleta mashine hizi majumbani. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ilitoa Portastudio 144, kinasa cha traki nne kilichotumia kaseti ya kawaida na kilichokuwa na miksa yake humo humo. Januari 1982 mwimbaji wa Marekani Bruce Springsteen alikaa chumbani na mashine hiyo, katika nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey, akaimba na kupiga gitaa mbele ya maiki mbili za Shure SM57, kisha akaongeza vionjo vichache kwenye traki zilizobaki. Alikusudia iwe rasimu tu ya kuwasikilizisha wanamuziki wenzake. Bendi ilipoingia studio, nyimbo hazikutoka kama zilivyokuwa chumbani, na ile kaseti ndiyo iliyotolewa Septemba mwaka huo ikiitwa Nebraska.

Mtu wa namna hiyo, mwenye gitaa au kinanda na sauti yake, matundu mawili yanamtosha. Fedha ya ziada aipeleke kwenye hedfoni na kwenye kutuliza chumba. Faida ya kinasa kwake ni kwamba hakina feni ya kuvuma kama kompyuta, na umeme ukikatika kazi inaweza kuendelea kwa betri.

Sasa twende Unguja, kwenye muziki wa kidumbak, ambao wote hupiga mara moja. Kuna fidla, kuna sanduku lenye ugwe linalotoa besi, kuna vidumbak, ngoma ndogo mbili zinazopigwa na mtu mmoja, kuna cherewa za kutikisa, kuna mkwasa, vijiti vya kugonganisha, kuna mwimbaji na wanaomwitikia. Huwezi kumwambia mpiga sanduku arekodi leo na mwenye fidla aje kesho. Wanaongozana kwa macho, wimbo unakwenda ukiongeza kasi, na kasi hiyo hakuna aliyeipanga. Hapa traki nane zenye matundu mawili ni kazi bure.

Chukua Zoom H6, iliyotoka mwaka 2013 na ambayo bado inapatikana kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika. Ina matundu manne ya XLR, pamoja na maiki mbili kichwani zilizopishana. Jumla traki sita kwa wakati mmoja. Ukizigawa vizuri, kidumbak yote inaenea: maiki moja kwa fidla, moja kwa sanduku, moja katikati ya vidumbak, moja kwa mwimbaji. Zile mbili za kichwani ziache mbali kidogo zichukue kundi zima, maana cherewa, mkwasa na makofi hayahitaji maiki zake. Yanapenya kila mahali yenyewe, tena utashangaa yanavyopenya.

Sanduku ndilo linalowashinda wengi. Maiki yake iwe chini, karibu na ukingo wa boksi, maana besi inatoka kwenye mbao na ugwe peke yake una sauti ndogo. Kisha ingia kwenye menyu uhakikishe kichujio cha kukata sauti za chini kimezimwa kwenye traki hiyo. Kichujio hicho ni kizuri kwa mwimbaji, kwa kuwa kinapunguza mvumo wa upepo na vishindo vya miguu, lakini kwenye sanduku kinafuta kitu chenyewe ulichokuja kukirekodi.

Jambo la pili ni umbali. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kinasa kikiwa mita tatu kutoka kwa vidumbak, maiki zake za kichwani zinausikia mpigo karibu milisekunde 9 baada ya maiki ya karibu. Ukichanganya traki hizo bila kuzisogeza, ngoma inapoteza makali. Mwombe mtu apige kofi moja kali kando ya vidumbak kabla ya wimbo kuanza. Kwenye kompyuta kofi hilo litakuonyesha traki ipi isogezwe na kwa kiasi gani. Na usitegemee kusahihisha kosa la mwimbaji kwa kumrudia peke yake, kwa sababu fidla imo ndani ya maiki yake. Wimbo ukiharibika, rudieni wote.

Wanaohitaji zaidi ya hapo, kwaya yenye bendi kwa mfano, wapo wenye Zoom R16 ya mwaka 2009, ambayo inarekodi traki nane kwa pamoja na kutumia betri sita za AA. Ila volti 48 zinazohitajiwa na maiki za kondensa zinapatikana kwenye matundu mawili tu kati ya manane. Ukiwa na maiki tatu za kondensa, ya tatu itakaa kimya.

Mabishano ya hezi sikuyapenda kamwe. Sikio la binadamu linaishia kwenye hezi 20,000 hivi, na kurekodi kwa kilohezi 48 kunavuka hapo. Biti 24 ni za lazima, kwa sababu zinakuruhusu kuweka kiwango chini, vilele vikigota kwenye desibeli 12 chini ya sifuri, bila kuogopa mwimbaji akipandisha ghafla. Vinasa vipya kama Zoom F6 ya mwaka 2019 vina biti 32 za floti, ambazo hata sauti ikipita kiasi unairudisha baadaye. Ni nafuu kubwa kwa anayerekodi peke yake huku akishika stendi. Lakini maiki iliyokaa mahali pabaya haiokolewi na biti.

Kinachotofautisha vinasa kweli ni kelele ya vikuza sauti vyake vya ndani, ile "sss" inayosikika penye ukimya. Marimba ya mkono ya Wagogo au zeze ni vyombo vya sauti ndogo, na kinasa dhaifu kitakupa chombo na kelele hiyo kwa pamoja. Dukani, iwe Kariakoo au River Road, chomeka maiki ya kawaida isiyo ya kondensa, pandisha kiwango karibu na mwisho, vaa hedfoni, usikilize ukimya. Muuzaji akikukatalia jaribio hilo, nenda duka la pili.

Jaribu pia kuchomoa waya wa umeme huku kinarekodi na betri zikiwa ndani. Vingine vinaendelea, vingine vinazima na faili linapotea.

Kadi isikusumbue sana. Traki moja ya biti 24 kwa kilohezi 48 hula megabaiti 520 hivi kwa saa, kwa hiyo traki sita kwa saa nne hazifiki gigabaiti 13. Kadi ya 32 inatosha, mradi iwe halisi, maana za bandia zimejaa sokoni: ijaze hadi mwisho nyumbani kabla ya kuipeleka kazini.

Kwa msomaji mwenye fedha ya kinasa kimoja tu cha kutumia nyumbani na shambani, ushauri wangu ni huu: chukua chenye matundu manne ya XLR, yote yakiwa na volti 48, hata kama ni cha mtumba na kioo chake kimekwaruzika. Kitakachobaki nunua stendi mbili nzito na hedfoni zinazofunika masikio.