Kungojea Mwana Katika Nchi ya Ugeni

Masomo: Matendo 17:16-28, Warumi 8:14-23

 Iwapo uko Kangari na umerudi sasa hivi kutoka kuchuma chai, au uko Nyeri, Karatina, Nanyuki au Meru, keti kidogo tufikiri pamoja juu ya jambo la kungoja.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 17 tunamkuta Paulo yuko Athene peke yake. Ametoka Beroya kwa haraka kwa sababu ya ghasia, na nyuma amewaacha Sila na Timotheo. Sasa anangoja wamfuate. Huyu Timotheo hakuwa mwana wa mwili wake, walakini Paulo alimwita mwanawe katika imani. Basi twaweza kusema kwamba Paulo alikuwa katika mji wa kigeni, akimngojea mwana.

Je, alipokuwa akingoja alifanya nini? Alitembea mjini, akayatazama mambo ya watu wale. Alitazama hata madhabahu zao, akayasoma maandishi yake. Naye hakutazama kama mtu anayepoteza saa. Aliyoyaona yaliuchoma moyo wake, na madhabahu moja ikawa mlango wa kuwahubiri wenyeji. Aliposimama mbele yao aliweza kuwaambia habari za Mungu kwa mambo waliyoyajua, kwa sababu alikuwa ameujua mji wao. Tena neno alilowaambia lilikuwa hili: ya kwamba wanadamu wote asili yao ni kwa Mungu, kama watoto kwa baba yao.

Sasa nataka kuwaeleza habari ya watu wengine waliongojea mwana ugenini, na ugeni wenyewe ulikuwa nchi yetu hii. Kabla ya mwisho wa mwaka 2014 walikuwapo mume na mke kutoka Ulaya na Marekani waliokuja Kenya kuasili mtoto, yaani kumchukua mtoto asiye na wazazi wa kumlea awe mtoto wao kabisa mbele ya sheria. Huenda ulipishana nao ukadhani ni watalii tu, kwa maana walikuwa na kamera shingoni kama watalii wengine.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 iliwaruhusu, lakini haikuwaruhusu wamchukue mtoto kama mtu anavyochukua mzigo wake stesheni. Ilitakiwa mtoto awe ametimiza majuma 6 tangu kuzaliwa. Ilitakiwa chama kilichoandikishwa kwa kazi hiyo kithibitishe kwamba mtoto yuko huru kuasiliwa. Kisha mtoto akae mikononi mwa hao wanaomtaka miezi 3 mfululizo, humu humu Kenya, ndipo kesi ipelekwe Mahakama Kuu. Na mahakama nayo ilitaka taarifa zake, ikaweka mtu wa kusimama upande wa mtoto, maana mtoto mchanga hawezi kujitetea.

Mtu mwenye haraka atauliza, "Kwa nini mambo yote haya, na mtoto analia?" Msikilizaji, fikiri. Mtoto aliyeokotwa kando ya njia huenda ana nyanya anayemtafuta. Mtoto aliyeachwa hospitalini huenda mama yake alikimbia kwa hofu tu, na kesho atarudi. Polisi hawana budi kuuliza kwanza. Hata mataifa yalipokubaliana huko Hague tarehe 29 Mei 1993 juu ya watoto wanaoasiliwa kutoka nchi moja hadi nyingine, mapatano ambayo Kenya iliyakubali mwaka 2007, walisema kwamba mtoto kwanza atafutiwe jamaa katika nchi yake mwenyewe. Basi kule kungoja kulikuwa ukuta wa kumlinda mtoto asiibiwe wala asiuzwe.

Katika siku hizo za kungoja, wageni hao walikuwa na nafasi ya kuiona nchi. Hebu twende pamoja katika njia ambayo mgeni wa namna hiyo angepita huku kwetu, tuone macho yake yangekutana na nini.

Akishuka hadi mjini Murang'a ataona kanisa kuu la Waanglikana, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa miaka ya Mau Mau. Ndani yake ukutani kuna picha kubwa za maisha ya Yesu zilizochorwa miaka ya 1950 na Elimo Njau, mchoraji Mtanzania. Watu wa picha hizo ni Waafrika, na nchi ni migongo na mabonde kama haya yetu. Mgeni huyo akitazama habari ya kuzaliwa kwa Bwana, na amkumbuke Yusufu. Yusufu alimpokea mtoto asiyekuwa wa mwili wake, akampa jina, akamlea kwa kazi ya mikono yake. Hakuna mtu aliyemwambia Yusufu kwamba yeye si baba wa nyumba ile.

Si mbali na mji huo ni Mukurwe wa Nyagathanga. Wazee husimulia kwamba hapo ndipo Gikuyu na Mumbi walipokaa, nao walikuwa na binti tisa, ile tisa iliyojaa ya Wagikuyu, wala hawakuwa na mwana wa kiume. Gikuyu akamwomba Mungu chini ya mkuyu, akapewa vijana wa kiume asiowazaa, nao wakaja kukaa nyumbani kwake. Tafadhali liangalie jambo hili vema. Katika masimulizi ya wazee wetu wenyewe, taifa zima lilisimama kwa sababu boma moja lilifungua mlango kwa wana waliotoka nje. Hata baadaye mtu wa ukoo mwingine aliweza kupokewa kwa kuchinjiwa mbuzi, akahesabiwa kuwa amezaliwa upya katika mbari ile.

Mgeni akipanda hadi Nyeri ataonyeshwa kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyekufa huko tarehe 8 Januari 1941. Juu ya jiwe lake kuna duara lenye nukta katikati. Hiyo ni alama ambayo skauti huiweka njiani, na maana yake ni kwamba mwenye safari amekwenda nyumbani. Mtoto wa makao ya watoto anakula, anavaa, anafundishwa. Hata hivyo moyo wake unaitafuta nukta ile katikati ya duara.

Tena ataelezwa habari za Treetops, ile nyumba iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alikuwa huko juu akitazama wanyama wakija kunywa maji. Usiku huo baba yake alifariki kule kwao. Alipanda ngazi akiwa binti wa mfalme, akashuka akiwa malkia, naye hakujua bado. Jambo lilikuwa limetendeka mbali, nalo limebadili maisha yake yote. Ndivyo ilivyo kwa mtoto anayeasiliwa. Jaji hutoa neno mahakamani, na mtoto pengine amelala mgongoni kwa mama. Akiamka ana jina, ana baba na mama, ana urithi, sawasawa na aliyezaliwa katika ndoa yao. Mtoto hakufanya kazi yo yote ya kustahili mambo hayo.

Msikilizaji, siku moja mtoto yule atakua. Atatazama uso wake katika kioo, atauliza: "Nilitoka wapi? Watu wa kwetu wakoje? Mlima wa kwetu ni upi?" Mzazi aliyekaa hotelini akihesabu siku na kulalamika hatakuwa na jibu. Bali yule aliyetembea kwa moyo ulio macho, akala githeri na watu, akauona Mlima Kenya asubuhi kabla ya mawingu kuufunika, atasema, "Njoo mwanangu, keti, nikuambie." Kutembea kwake hakukuwa anasa. Alikuwa akiweka akiba ya mtoto.

Huenda mtu wa Kangari anasema, "Hayo ni ya wageni, sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Mwezi wa Novemba 2014 serikali ya Kenya ilisimamisha wageni kuwaasili watoto wetu, kwa sababu ya hofu ya biashara ya watoto. Mlango ule ulipofungwa, swali lilirudi katika boma zetu. Watoto walio katika makao wanamtazama nani? Wanatutazama sisi tunaoimba kanisani kwamba Mungu ni baba wa yatima.

Najua mambo yanayotuzuia. Wa kwanza husema, "Damu si yetu." Wa pili husema, "Shamba la mbari litagawanywaje?" Wa tatu ni mzee anayeuliza kama mtoto asiyezaliwa hapa aweza kuitwa jina la babu. Wazee wangu, kwa heshima nawajibu: sheria ya nchi imekwisha kusema kwamba mtoto huyo ni mrithi kama wengine. Na Gikuyu mwenyewe, kwa masimulizi yenu, aliomba wana akapokea aliopewa.

Liko na jambo lingine zito zaidi, nalo ni siri. Wako akina mama waliofunga vitambaa tumboni wakajifanya wajawazito, kwa kuogopa maneno ya mashemeji na ya kanisa. Wako walionunua mtoto kwa njia ya gizani, pasipo chama wala mahakama. Hiyo ni hatia mbele ya sheria, tena ni shimo. Mtoto akija kuisikia habari yake sokoni, kwa mdomo wa mtu aliyekasirika, nyumba hutikisika. Musa alilelewa na binti Farao, naye aliwajua ndugu zake. Esta alilelewa na Mordekai, na habari hiyo imeandikwa wazi, wala haikumzuia kuwa malkia. Kweli iliyosemwa mapema kwa upendo haimwumizi mtoto kama uongo uliogunduliwa.

Basi wewe uliye na mke wako, au mume wako, na mmekata shauri kuasili, fuateni njia iliyonyoka. Mtakwenda kwa chama kilichoandikishwa. Watu watakuja kuitazama nyumba yenu na kuuliza habari zenu. Mtoto atakaa nanyi, na mahakama itasikiliza. Mtangoja, tena mtachoka. Katika siku hizo fanyeni kama Paulo, msilale. Nendeni mkaone mahali mtoto alipopatikana. Ulizeni ni nani aliyemwokota, na ni nani aliyemfunika kwa nguo yake. Wekeni barua zake mahali pa usalama. Hata kama ni mwendo wa nusu saa kwa matatu kutoka kwenu, kwa mtoto huyo itakuwa kama Bethlehemu yake.

Nanyi kanisa, mna kazi. Msiwaulize wanaongoja, "Mbona hatuoni kitu?" Waombeeni bila kuwachunguza. Na mtoto akiletwa nyumbani, wanawake wa kanisa wamletee itega, kuni na uji, kama wanavyomwendea mama aliyejifungua. Mchungaji ambariki mtoto mbele ya watu wote. Kwa tendo hilo moja mtakuwa mmefunga vinywa vingi.

Mwisho, tusisahau kwamba sisi wenyewe tumo katika habari hii. Mtume anawaambia Warumi kwamba hatukupewa roho ya utumwa, tukaishi kwa hofu. Tumepewa Roho wa kufanywa wana, na kwa Roho huyo twamwita Mungu Baba. Walakini katika sura iyo hiyo anasema kwamba bado tunaugua tukingojea kufanywa wana kwa utimilifu, yaani ukombozi wa miili yetu. Neno limekwisha tamkwa, urithi umekwisha andikwa, lakini Baba bado hatujamwona kwa macho. Tuko safarini, tukiitazama nchi hii nzuri, milima yake na watu wake. Tusiitazame kama watalii watakaoondoka bila kumjua mtu. Tuitazame kama wana wanaongoja Baba, nao wamepewa ndugu wadogo wa kuwatunza njiani.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyetuita tukiwa wageni ukatupa jina lako, wakumbuke watoto wanaolala leo bila wa kuwaita baba na mama. Wape saburi wote wanaongoja, na hekima wote wanaohukumu. Fungua boma zetu, ututoe hofu. Katika jina la Yesu Kristo, Mwanao na Bwana wetu. Amina.