Terminator ipi ndiyo yenyewe? Ubishi wa kibandani Buwenge

Mwezi huu tupumzike kidogo habari za mgao na foleni ya maji, tuzungumze sinema. Akina mama, tafadhali msifunge ukurasa mkisema haya ni mambo ya vijana. Ubishi ninaotaka kuwasimulia ulianza na vijana kweli, lakini uliishia jikoni kwa jirani yangu.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa Buwenge na furushi langu la vitenge. Wenzangu mnaozunguka na biashara hii mnapajua: ni mji mdogo kwenye barabara ya kutoka Jinja kwenda Kamuli, miwa kila upande, na mvua ikinyesha hakuna mteja anayesimama. Siku hiyo ilinyesha. Nikakimbilia kibanda cha video. Ubao wa chaki mlangoni ulisema mchana Terminator 2, jioni mpira wa Uingereza. Nikalipa, nikabanwa kwenye benchi kati ya vijana wa boda boda na watu waliotoka kukata miwa, furushi juu ya magoti.

Kwa ambaye hajaingia kibanda cha Uganda, nieleze. Pale sinema haijisemei yenyewe. Kuna mtu anaitwa VJ, ambaye sauti yake imewekwa juu ya sauti ya filamu, naye anaeleza kwa Kiganda yote yanayotokea. Hatafsiri neno kwa neno. Anacheka, anamwonya stelingi kwamba adui yuko nyuma ya mlango, anaweza hata kumpa mtu wa Marekani jina la mtaani kwake. VJ Jingo wa Kampala alipata jina kubwa kwa kazi hii. Isaac Nabwana wa Wakaliga, aliyetoa filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, aliona haifai kuiacha bila VJ, na wazungu wanaoipenda filamu ile leo wanampenda VJ Emmie kama wanavyowapenda waigizaji. Kenya wana DJ Afro anayetumia Kiswahili, Tanzania walikuwa na Lufufu. Kwa hiyo watu kumi wakibishana juu ya filamu moja Afrika Mashariki, huenda wameona filamu tatu.

Basi tulipofika katikati, umeme ukakatika. Jinja kuna bwawa lililozinduliwa mwaka 1954, halafu likaongezwa jingine na jingine, na bado Buwenge tulikaa gizani! Mwenye kibanda akatoka kwenda kuhangaika na jenereta, na ubishi ukaanza.

Stelingi hafi

Kijana mmoja wa boda boda alisema hakuna Terminator inayoifikia hiyo tuliyokuwa tunaangalia, ya mwaka 1991. Mzee mmoja fundi baiskeli akamkatiza: ya kwanza, ya mwaka 1984, ndiyo yenyewe, nyingine zote ni biashara. Nikatia neno kwa Kiswahili, wakageuka wote. "Ssebo, wewe ni askari?" Mnajua Uganda Kiswahili kilivyobaki na harufu ya jeshi tangu siku za Amin, hata baada ya katiba kukipa nafasi mwaka 2005. Nikasema mimi ni mchuuzi wa vitenge kutoka kambini, wakacheka, wakaniruhusu kubisha.

Hoja ya mzee ilikuwa na uzito. Yeye aliiona Commando kwanza, ambamo Arnold Schwarzenegger ni baba anayemwokoa binti yake. Halafu akaletewa kaseti ya Terminator, akaketi kumsubiri Arnold aokoe watu. Arnold akaanza kuua. Kibanda kizima, alisema, kilidhani kaseti imekosewa. Sheria ya kibandani ni kwamba stelingi hafi, wala stelingi hawi adui. "Niliogopa siku tatu," alisema mzee, "kwa sababu nilikuwa nampenda."

Akaendelea. Katika ile ya kwanza hakuna anayesalimika kwa ujanja. Sarah Connor ni msichana tu, mhudumu wa mgahawa, hajui kwa nini anawindwa. Kosa lake ni mtoto ambaye hata hajamzaa bado. Anakimbilia polisi, wanampa kochi alale, wanamwambia jengo limejaa askari, hapa uko salama. Usiku uleule mashine inaingia na bunduki na kuwamaliza. Na Kyle Reese, aliyetumwa kutoka vita vya miaka ijayo kumlinda, alifika uchi bila karatasi yoyote, akaeleza ukweli mtupu mbele ya daktari wa polisi, na daktari akacheka.

Hapo mimi nilinyamaza, ndugu zangu. Nani kati yetu hajawahi kukaa mbele ya meza akaambiwa aeleze tena, tangu mwanzo, na tarehe?

Niongeze la kwangu ambalo mzee hakulisema. James Cameron aliipata hadithi hii akiwa mgonjwa Roma, mbali na kwao, mfukoni hana kitu, ana homa, akaota mwili wa chuma unajikokota kutoka kwenye moto. Maandishi ya filamu aliyauza kwa dola moja tu, kwa sharti kwamba yeye ndiye ataiongoza. Filamu nzima ilitengenezwa kwa dola milioni sita na kidogo. Ya pili ilikula karibu milioni mia moja.

Sura ileile

Lakini kijana wa boda boda hakukubali, na hoja yake ndiyo niliyoibeba mpaka nyumbani. Alisema: ya kwanza inakutisha, sawa, lakini ya pili inakuuliza swali. Mashine ya aina ileile, yenye sura ileile ya Arnold, inarudi, na safari hii imetumwa kumlinda mtoto, John. Wapiganaji wa John wa miaka ijayo waliikamata wakaibadilisha akili. Anayekuja kuua ni mwingine, T-1000, chuma kinachoyeyuka na kuvaa sura ya yeyote. Na sura anayoivaa zaidi ni ya askari polisi, kijana nadhifu mwenye adabu anayegonga milango akiuliza, mmemwona mtoto huyu?

Sarah wakati huo amefungwa hospitali ya vichaa, kwa sababu amesema kinachokuja. Daktari ni yuleyule aliyemcheka Reese. Usiku anaotoroka, anakimbia kwenye korido, lifti inafunguka, na anayetoka ni yule. Sura iliyomuua Reese, baba wa mtoto wake. Mwanamke ambaye tumemwona jasiri anaanguka chini, anarudi nyuma kwa visigino akipiga kelele. Mtoto wake anamwambia huyu yuko upande wetu. Na mashine inamnyooshea mkono.

Umeme ulikatika dakika chache kabla ya hapo. Jenereta ilipowaka, kibanda kizima kilikaa kimya kwa ajili ya korido ile, hata watu walioiona mara kumi.

Nimeona niseme pia juu ya nyingine, maana zote ni sita. Ya mwaka 2009, Salvation, iko vitani moja kwa moja, na Buwenge hakuna aliyeitetea. Genisys ya mwaka 2015 inarudisha nyakati nyuma na mbele mpaka mkata miwa mmoja akasema hata VJ wake alipotea. Tuziache.

Ya tatu siwezi kuiacha. Wapenzi wengi wa sinema hizi duniani huidharau ile ya mwaka 2003: Linda Hamilton hayumo, Sarah amekufa kwa saratani ya damu, na vichekesho vimezidi. Wanasema iliharibu ya pili, ambayo ilimalizika kwa kuzuia vita visitokee. Ya tatu ikaja kusema vita havikuzuiwa, viliahirishwa tu. John na mwenzake wanaingia kwenye handaki wakidhani ndipo pa kuizima mashine kubwa. Hakuna cha kuzima. Ni mahali pa kujificha tu, na juu yao mabomu yameshapaa.

Nilipowasimulia wanaume wa kambini kwetu kwamba Buwenge waliicheka hiyo, mmoja wao, mtu wa Rutshuru asiyesema sana, akasema: "Hiyo ndiyo ya kweli kuliko zote." Mwaka 2013 walimwambia vita vimekwisha, akarudi, akajenga, akapanda maharagwe. Mwishoni mwa 2021 vikaanza tena, na Januari 2025 hata Goma ikatekwa. "Waliotengeneza ya pili hawakuwahi kurudi nyumbani," alisema. Sikuwa na jibu. Mimi bado naiona ni filamu dhaifu, lakini mwisho wake sitaucheka tena.

VJ alinyamaza

Sasa nifike kwa jirani yangu. Ni mama wa watoto wanne, mjane, na mnajua siwezi kumtaja. Mwanawe mkubwa alipata ya pili kwenye flashi, ile ya Kiingereza bila VJ, tukaiangalia kwake jioni kwa betri ya sola. (Wadogo walilazwa kwanza. Wazazi wenzangu, hizi si filamu za watoto, damu ni nyingi.) Kijana ndiye aliyekuwa VJ wetu, kwa Kiswahili cha kwetu, na alikuwa hodari, alitumaliza mbavu. Tulipofika kwenye korido, akanyamaza.

Mama akamuuliza, "Mbona umenyamaza?"

"Hapo hakuna maneno, mama."

Tukamaliza. Chai ikaletwa, nikauliza swali la Buwenge: ya kwanza au ya pili? Mama akasema hajui ya kwanza wala ya pili, anajua jambo moja. "Mimi siwezi shika ule mkono. Hata kama umekuja na mtoto wangu. Hata kama mtoto anasema shika."

Kijana akamjibu kwa heshima, lakini akamjibu. Akasema, mama, mwishoni kabla mashine haijashushwa kwenye chuma cha moto, ni Sarah mwenyewe anayetoa mkono wake. Hakuna aliyemlazimisha. Mama akasema ameona. Akasema Sarah alichukua filamu nzima kutoa mkono huo, na yeye hajafika hata nusu ya filamu yake. Akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge, akatuuliza kama chai ina sukari.

Ninyi mnaoishi hapa hamhitaji niwaeleze. Tumepanga foleni moja na watu ambao sura zao, lugha zao, majina yao ya ukoo yanafanana na ya waliotufukuza. Wengi hawakufanya lolote, nao pia walikimbia. Kijana ana rafiki wa namna hiyo, wanacheza mpira pamoja, na nadhani siku ile alikuwa akimtetea yeye kuliko Arnold.

Wiki iliyofuata nikawaletea ya sita, Dark Fate ya mwaka 2019, ambayo ilitia hasara kwenye majumba ya sinema na wengi hawakuiona. Mimi naipa nafasi ya pili, na nitabishana na yeyote. Linda Hamilton amerudi, mvi kichwani. Wakimbizi wamo ndani: watu juu ya treni wakielekea mpaka wa Marekani, kukamatwa, kufungiwa. Lakini mwanzoni kabisa John anauawa akiwa mtoto, na anayemuua ana sura ya Arnold, mashine nyingine iliyotumwa zamani. Mama akapiga goti lake kwa kofi: "Mnaona!"

Halafu wanamkuta muuaji huyo miaka mingi baadaye. Anaishi Texas na mwanamke na mtoto wa kumlea, na kazi yake ni kuuza mapazia. Nikawaambia, jamani, huyu ni mwenzangu wa biashara ya vitambaa. Hakuna aliyecheka. Sarah anakubali kupigana naye bega kwa bega kwa sababu kuna msichana wa kuokolewa, lakini anamwambia wazi kwamba kazi ikiisha atamuua. Mama alisema huyo ndiye Sarah anayemfahamu. Kijana akasema, lakini walipigana upande mmoja. Mama akasema ndiyo, upande mmoja, hilo analiweza. Wakaachia hapo, na mimi nikaenda kulala.

Kuna kitu kimoja cha ile ya pili ambacho mama alikichukua bila ubishi. Ni pale John anapopiga simu nyumbani kwa waliokuwa wakimlea. Mama wa kulea anajibu kwa upole mno. Arnold anachukua simu, anaiga sauti ya mtoto, anauliza hali ya mbwa kwa jina la uongo, na anayejibu anasema mbwa hajambo. Basi wanajua kwamba anayeongea si yule mama tena.

Juzi mama alipigiwa simu na namba asiyoijua. Mtu akajitambulisha kuwa mtoto wa kaka yake, amekwama njiani, anaomba nauli haraka. Sauti ilifanana kweli. Mama akasema pole mwanangu, nitatafuta, lakini niambie kwanza, yule mbuzi wetu Kadogo alipona?

"Alipona shangazi, tena amezaa mapacha."

Nyumbani kwao hawakuwahi kufuga mbuzi.