EKSELI NA MAGURUDUMU YA TRELA: TUPIME KABLA YA SAFARI



Asubuhi nyingi tunawaona madereva na wapishi wa safari wakipakia trela ndogo karibu na soko la Nakasero: nyanya, ndizi, maji, mahema, mitungi ya gesi. Usiku walale Gulu, kesho yake wafike Kidepo. Trela nyingi hutengenezwa na mafundi wa Katwe, nao ni mafundi hodari. Lakini fundi hutengeneza alichoagizwa, na mwenye kuagiza mara nyingi hutazama bei tu.

Msimu uliopita mwenzetu mmoja aliharibikiwa na beringi ya trela mbele ya Kitgum. Beringi ya namna ile haikupatikana mjini. Alilala njiani siku mbili akilinda mali ya tajiri, na aliporudi mshahara wake ukakatwa kwa sababu ya "uzembe". Tulipoikagua ile trela tukakuta ekseli ya gari dogo la mjini. Kosa halikuwa lake, lakini hakuwa na hesabu ya kujitetea. Hesabu yenyewe ndiyo hii.

1. Uzito. Anzeni na mzigo, siyo na chuma. Tuseme trela tupu ni kilo 350. Maji lita 100 ni kilo 100. Dizeli lita 60 ni kama kilo 50. Mahema, vitanda na viti kilo 150. Vyombo vya jikoni, gesi na chakula kilo 120. Gurudumu la akiba kilo 30. Jumla kilo 800. Msinunue ekseli ya kilo 800, kwa maana shimo la barabarani huongeza pigo mara nyingi kuliko uzito wa mzigo uliosimama. Agizeni ya kilo 1,200.

2. Ekseli. Iwe chuma kimoja kilichonyooka, siyo vipande viwili vilivyounganishwa katikati kwa kulehemu. Ekseli kuukuu ya nyuma ya gari ni imara, lakini tumbo lake la gia ni zito na hugonga mawe katikati ya njia. Beringi ziwe za namna inayouzwa kwa wingi Kisekka, na seti moja ya akiba ikae ndani ya gari pamoja na grisi na sili. Tena ulizeni habari ya breki. Katika nchi nyingi za Ulaya trela inayozidi kilo 750 ni lazima iwe na breki zake, kwa sababu kwenye mteremko trela huisukuma gari.

3. Magurudumu. Yafanane na ya gari inayovuta. Hapo gurudumu moja la akiba litasaidia pande zote mbili, na mkiwa na mawili mtakuwa na akiba maradufu. Hesabuni stadi. Land Cruiser za zamani za namba 70 na Hilux za kuvuta magurudumu manne zina stadi sita, katika duara la milimita 139.7. Land Cruiser 70 za baadaye zina stadi tano, katika duara la milimita 150. Haziingiliani. Kabla ya kulipa, fungeni gurudumu la gari kwenye habu ya trela kwa nati zile zile, kisha lizungusheni muone kama haligusi springi wala bodi.

Tairi nazo zina maandishi. Namba ya mzigo 100 maana yake tairi moja hubeba kilo 800. Tarakimu nne za tarehe, kama 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya trela huzeeka juani kabla ya kuisha meno, basi msidanganywe na meno.

4. Upana. Pimeni toka katikati ya tairi moja hadi katikati ya nyingine. Trela ifuate alama za magurudumu ya gari. Kwenye mchanga wa mto Kidepo, trela yenye upana tofauti hujichimbia njia yake mpya, na gari huvuta mara mbili.

5. Mahali pa ekseli. Iwekwe nyuma kidogo ya katikati ya sanduku, ili kama sehemu moja ya kumi ya uzito ikalie ndoano ya gari. Kwa kilo 800 ni kilo 80. Ikipungua sana, trela huyumba mkia. Ikizidi sana, gari huinua pua na usukani huwa mwepesi.

6. Njiani. Baada ya kilomita 50 za kwanza, simameni mkaze nati. Kila mnaposimama, gusa habu kwa mkono. Ikikuunguza, beringi inalia.

Wenzetu, andikeni hesabu hii kwenye karatasi mbili, moja ya ofisi na moja yenu, kabla trela haijatengenezwa. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama wa mfanyakazi, na inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari. Lakini anayesema "ekseli hii ni mbovu" hujibiwa kwa maneno. Anayesema "mzigo ni kilo 800, ekseli ni ya kilo 500" hujibiwa kwa ekseli nyingine.