Demokrasia na Teknolojia (Sehemu ya 2): Fomu ya Mlangoni

Wiki iliyopita tulitazama simu ya mkononi katika kampeni. Leo tuifuate kura yenyewe hadi inapohesabiwa, hatua ambayo mpiga kura wa Kenya aliizoea kwa kusimuliwa tu.

Kila kituo kina Fomu 34A. Ni karatasi yenye majina ya wagombea urais, kura za kila mmoja kwa mkono wa msimamizi wa kituo, na sahihi za mawakala. Nakala yake hubandikwa mlangoni. Mwaka 2017 utata ulianzia njiani, kutoka mlango huo kwenda Nairobi. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilimtangaza mshindi kabla ya kupokea fomu zote, na Mahakama ya Juu ilipoamuru seva zikaguliwe, tume haikutii ipasavyo. Tarehe 1 Septemba uchaguzi wa urais ukafutwa.

Agosti 2022 mambo yakabadilika. Picha za fomu kutoka vituo 46,229 zilianza kupandishwa kwenye tovuti iliyo wazi kwa yeyote. Mtu wa Lodwar aliweza kuifungua fomu ya Kwale na kuona hata tarakimu iliyokatwa na kusahihishwa kwa kalamu. Huo, kwangu, ni ushiriki wa kweli, maana raia alikabidhiwa ushahidi wenyewe.

Hata hivyo, kujumlisha kulihitaji watu na subira. Vituo vya televisheni vilijumlisha kila kimoja kivyake, kila kimoja kikianza na fungu lake la fomu, na watazamaji wakaona viongozi tofauti kwa saa ileile. Uvumi ulinenepa katika pengo hilo. Kisha makamishna 4 kati ya 7 wa IEBC wakayakana matokeo. Lakini fomu zilikuwepo. Matokeo yalipopingwa, Mahakama ya Juu ilizilinganisha za tovutini na za karatasi, haikuona tofauti ya maana, na tarehe 5 Septemba ikauthibitisha ushindi wa William Ruto.

Linalonisikitisha ni jingine: waliojitokeza kupiga kura walishuka kutoka takriban asilimia 79 mwaka 2017 hadi takriban 65. Tovuti humsaidia aliyepiga kura kuilinda. Kumtoa mtu nyumbani haiwezi.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Ndugu msomaji, ukishapiga kura, rudi kituoni usiku, subiri fomu ibandikwe mlangoni, uipige picha. Kesho yake ilinganishe na ile ya tovutini.