Programu ya Simu Isiyokwisha Kutengenezwa

Mtu anayefungua programu ya benki au ya usafiri kwenye simu yake huiona kuwa chombo kilichokwisha kutengenezwa, na ujumbe unaomtaka apakue toleo jipya humkera, hasa anapofikiria bando litakaloliwa. Lakini kwa mwanaprogramu, yaani mtaalamu anayeandika maelekezo yanayofuatwa na kompyuta, sehemu kubwa ya kazi huanza siku programu inapowekwa dukani.

Simu nyingi za Afrika Mashariki hutumia Android, mfumo endeshi ulionunuliwa na Google mwaka 2005 na kufika sokoni ndani ya simu mwaka 2008. Anayetengeneza programu za mfumo huo huandika msimbo, yaani maelekezo hayo, kwa kutumia zana iitwayo Android Studio, mara nyingi katika lugha ya Kotlin, kisha huujaribu kwenye kiigizi, ambacho ni simu isiyoshikika inayoonekana kwenye kioo cha kompyuta tu. Kiigizi huokoa muda mwingi, ila huendeshwa na kompyuta yenye nguvu na intaneti ya uhakika, hali ambayo ni tofauti sana na ile ya simu ya bei nafuu iliyojaa picha na video.

Tofauti hiyo ndiyo huzaa hitilafu zinazowasumbua watumiaji zaidi. Kumbukumbu ya muda ya simu, ambayo ni nafasi ya kuendeshea kazi zinazoendelea kwa wakati huo, inapokuwa ndogo, Android huzima programu iliyoachwa nyuma ili ile iliyo mbele ipate nafasi. Kwa hiyo mteja anayejaza fomu ya kujisajili, akatoka kidogo kwenda kusoma tarakimu za uthibitisho zilizotumwa kwa ujumbe mfupi, huweza kurudi akakuta fomu tupu, na akaanza upya hadi akate tamaa. Fundi aliyeijaribu kazi yake kwenye kiigizi peke yake huenda asilione jambo hilo kamwe, kwa kuwa halimtokei. Dawa yake ni kuhifadhi kila kinachoandikwa kabla mtumiaji hajatoka kwenye ukurasa, na kuijaribu programu kwenye simu dhaifu kwa makusudi.

Malipo yana hatari kubwa zaidi. Mteja anapobonyeza kitufe cha kulipa, ombi husafiri hadi kwenye kompyuta kuu ya mtoa huduma, ambayo hukata fedha na kurudisha jibu. Mtandao ukikatika baada ya fedha kukatwa na kabla ya jibu kufika, simu huonyesha kwamba muamala umeshindikana, naye mteja hubonyeza tena. Ili asitozwe mara mbili, simu hutoa namba ya pekee kwa kila ombi kabla ya kulituma, na ombi linaporudiwa kwa namba ile ile, kompyuta kuu hutambua kwamba ni la zamani na kurudisha jibu la awali bila kukata fedha upya. Ni mistari michache ya msimbo, na kuiacha ni uzembe usio na udhuru.

Si msimbo wote ulio kazi ya mikono ya mwanaprogramu mwenyewe. Hutumia maktaba, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine na kutolewa bure, na pale kimoja kinapopata kasoro, wote wanaokitegemea huathirika. Mwezi Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kipande cha mistari 11 kiitwacho left-pad, na kazi za wanaprogramu duniani kote zikakwama. Desemba 2021 udhaifu uliogunduliwa katika Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za mwenendo wa programu, uliyalazimisha makampuni mengi kufanya marekebisho ya haraka. Toleo jipya lisiloonyesha badiliko lolote machoni mara nyingi limebeba marekebisho ya namna hiyo.

Marekebisho yenyewe hutunzwa kwa Git, zana iliyobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo huweka historia ya kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya na sababu aliyoieleza, hivi kwamba hitilafu ikizuka baada ya toleo jipya, inawezekana kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi badiliko lililoileta lipatikane.

Hata hivyo, historia hiyo haisemi lolote kuhusu yaliyotokea mkononi mwa mtumiaji. Malalamiko yasemayo tu kwamba programu haifanyi kazi hayampi fundi pa kuanzia, lakini aina ya simu, toleo la Android, hali ya mtandao na hatua zilizofuatwa kabla ya kukwama humwezesha kuirudia hali ile ile mezani pake. Ni vyema basi kila mtumiaji anayekutana na hitilafu ayaandike mambo hayo manne anapotoa taarifa.