Je, Wajua? Simu ya mkononi yaweza kupokelewa kwa simu ya nyumbani

Je, wajua kwamba simu ya mkononi uliyoiacha ikichaji dirishani unaweza kuipokelea jikoni, kwa simu ya nyumbani isiyo na waya? Nchini Marekani, Panasonic huuza simu za aina hiyo kwa jina la Link2Cell. Kitako chake huunganishwa na simu ya mkononi kwa Bluetooth, na simu hiyo hukiona kama kifaa cha kuongelea bila kushika simu, sawa na kile cha ndani ya gari. Ukipigiwa, mikono yote ya simu iliyomo nyumbani huita.

Sauti husafiri kwa hatua mbili. Kutoka simu ya mkononi hadi kwenye kitako hupita Bluetooth, katika masafa ya gigahazi 2.4, na kwa kawaida haifiki mbali, kama mita 10 hivi. Kutoka kitako hadi ulipo wewe hupita mfumo wa DECT, ambao Marekani hutumia megahazi 1920 hadi 1930, na huo hufika mbali zaidi. Kwa hiyo kiweke kitako mahali penye mtandao mzuri, na simu ya mkononi kando yake. Wanaoishi vyumba vya chini ya ardhi, ambako mtandao huwa hafifu, ndio hasa wanaofaidi: simu hubaki juu, wao huongea chini.

Laini ya mezani si lazima. Ila kitako hutegemea umeme wa ukutani. Ukikatika, ongea kwa simu ya mkononi yenyewe.